USIBANDIKE PLASTA KWENYE TAA, MSHIKAJI!

Haya wapenzi wasomaji, wiki hii mapenzi na mitindo ya nywele vipumzike kidogo. Nataka tuzungumze habari za malori. Ndiyo, malori! Usikimbilie ukurasa wa katuni, kaa hapo hapo, maana haya mambo yanakuhusu hata kama hujawahi kushika usukani wa baiskeli.

Mimi kwetu ni Rukuba. Kwa wale ambao somo la jiografia lilikuwa saa ya kusinzia, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Lori haliogelei, kwa hiyo usitegemee kulikuta limeegeshwa pale mwaloni kwetu. Lakini hakuna watu wanaotegemea lori kama watu wa kisiwani. Sangara akishatoka majini hana subira. Anatiwa barafu, anavushwa kwa boti mpaka Musoma, na kuanzia hapo roho ya mvuvi, ya mchuuzi na ya mama mwenye watoto watano iko mikononi mwa dereva. Lori likifika, watoto wanakwenda shule. Lisipofika, hapo ndipo utaona kasheshe.

Mimi kasheshe hiyo niliiona kwa macho yangu, mwezi wa Machi mwaka 2023, wakati masika yameanza kupamba moto.

Mjomba wangu ni mchuuzi wa samaki. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamejichanga wakanunua mzigo wa sangara, na mama yangu naye akatia hela yake ya kikoba humo humo. Mjomba aliniomba niende naye mpaka Mwanza nimsaidie mahesabu, maana yeye anasema mimi ndiye msomi wa familia, kidato cha nne si mchezo! Lori walilokodi lilikuwa babu kubwa. Kichwa kipana, kitanda nyuma ya kiti, redio inalia kama disko. Lilikuwa la mtumba kutoka Ulaya, lile kundi la malori yaliyotengenezwa baada ya sheria kali za moshi za Ulaya, zinazoitwa Euro 6, kuanza kubana malori yote mapya mwaka 2014.

Sasa mimi macho yangu hayatulii. Kwenye dashibodi niliona kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, kimebandikwa juu ya vioo vya saa. Nikamuuliza dereva, "Kaka, hapa gari iliumia?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hapo kuna taa ya njano, mdogo wangu. Inanikera macho usiku. Ina wiki ya pili sasa, na gari inatembea freshi tu."

Basi bwana, tukaondoka Musoma kama saa tatu usiku. Tukapita Makutano, tukapita Kiabakari, gari inaunguruma vizuri lakini kwenye vilima inalalamika. Bunda tukasimama, dereva akazima injini akaenda kunywa chai. Kurudi na kuwasha, lori likawa si lile tena. Unakanyaga mafuta, linasogea kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Kilomita 20 kwa saa, basi! Hata ukanyage mpaka mguu utoboe bodi, haliongezi.

Kutoka Bunda mpaka Mwanza ni kama kilomita 150. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo ule ni zaidi ya saa saba, kama husimami hata kujisaidia. Na sisi tulisimama sana. Dereva alizima akawasha, akazima akawasha, akapiga simu kwa tajiri wake, akapiga bomba la moshi teke. Ilipokucha tulikuwa bado tunatambaa, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika barabarani. Mjomba hakusema neno. Alikuwa anayatazama yale maji kwenye kioo cha pembeni kama mtu anayetazama hela zake zinavyodondoka moja moja. Tulipofika kiwandani sehemu kubwa ya mzigo ilikataliwa. Na kiwanda kina haki, samaki akishalegea hana pa kujitetea.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Hapo ndipo nilipotaka kulia. Fundi mmoja wa Mwanza, kijana tu wa rika langu, alichomeka kompyuta yake, akasoma namba, halafu badala ya kukimbilia kuuza spea akaingia uvunguni na tochi. Akatoka na plagi ya waya mkononi. Ndani imeota kutu ya kijani. Waya ulikuwa umelegea kwenye kishikizo chake, ukawa unasuguana na chuma mpaka ganda likatoboka, maji ya mvua yakaingia. Waya wa sensa! Kitu cha kusafisha na kufunga upya kwa muda wa kunywa soda mbili. Mzigo wa watu wanne umeoza kwa sababu ya kutu inayoenea kwenye ukucha.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nadhani waliliona lori hili.

Sasa nieleze kidogo nilichojifunza kwa yule fundi na kwa kusoma soma baadaye. Mainjinia mniwie radhi, fizikia yangu ni ya kidato cha nne.

Malori ya zamani yalikuwa yanatapika moshi moja kwa moja hewani. Haya mapya yana tumbo la kusagia moshi. Kwanza kuna chujio la masizi, ambalo linakamata ule unga mweusi. Likijaa, injini inapandisha joto la moshi mpaka karibu nyuzi 600 na masizi yanaungua. Halafu kuna sehemu ya pili, inayoshughulika na gesi za oksaidi za naitrojeni, zile zinazowasha macho na kubana kifua. Hapo hupulizwa maji maalumu yanayojulikana kwa jina la AdBlue. Ndani yake kuna urea asilimia 32.5, yaliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Kwenye joto la moshi ile urea inageuka amonia, amonia inakutana na zile gesi kwenye kichocheo, na kinachotoka nyuma ni naitrojeni ya kawaida, hii hii tunayovuta kila siku, pamoja na mvuke wa maji. Ukifikiri vizuri ni uchawi wa kizungu kabisa.

Lakini tumbo hilo halina macho. Linategemea sensa. Kuna sensa za joto. Kuna sensa ya mgandamizo yenye vijibomba viwili, kimoja kabla ya chujio na kingine baada yake, ili ijue masizi yamejaa kiasi gani. Na kuna sensa zinazonusa zile gesi, moja kabla ya kichocheo na nyingine baada yake, zikilinganisha kama kazi imefanyika. Sensa hizo za kunusa ndani zina kipande cha kauri kinachopashwa moto mpaka mamia ya nyuzi. Tone la maji likikigusa kikiwa na moto, kinapasuka kama glasi uliyoitia chai ya moto ghafla. Ndiyo maana kompyuta haiwashi sensa hiyo mpaka bomba likauke.

Sensa ikinyamaza, au ikitoa habari za kubabaisha, kompyuta haijui tena kama moshi ni safi. Kwanza inawasha taa. Inakuvumilia saa nyingi ikikuonya. Ukiendelea kuipuuza inapunguza nguvu za injini. Ukijifanya kiziwi kabisa, inangoja usimame, uzime, uwashe tena, halafu inakufunga kwenye mwendo wa konokono. Sheria ya Ulaya ndivyo ilivyotaka, ili mwenye gari asipate faida kwa kuchafua hewa. Lori letu halikuharibika pale Bunda. Lilikuwa limeshasema wiki mbili nzima, ila mdomo wake ulibandikwa plasta.

Si unamjua mpenzi ambaye ukimuuliza "vipi, una nini?" anakujibu "hamna kitu"? Taa ya njano ni bora mara mia. Yenyewe inakwambia wazi kwamba kuna kitu. Wewe ndiye unayejibu "hamna kitu".

Haya, sasa nije kwenye soo lenyewe ambalo limenifanya nishike kalamu.

Yule fundi alipokuwa anasafisha plagi, alitokea fundi mwingine, mtu mzima, mwenye maneno mengi. Akamvuta tajiri wa lori pembeni, maana tajiri alikuwa ameshafika na hasira zake. Nikatega sikio. Dili lilikuwa hivi: chujio litobolewe litupwe, maji ya AdBlue yasahaulike, na kompyuta ipandikizwe kidubwasha cha kuidanganya kwamba kila kitu ni shwari. "Hutaona taa tena maisha yako yote, bosi." Tajiri macho yakamng'aa kama mtoto aliyeoneshwa pipi.

Simlaumu kwa kutamani. Lori likisimama siku moja, deni halisimami. Na gereji nyingi hizo kazi zinafanyika mchana kweupe. Wengine wana sababu ya kisomi kabisa. Wanasema, "Haya magari ni ya Ulaya, mafuta yetu ni machafu, hayataweza." Zamani neno hilo lilikuwa na ukweli wake. Salfa nyingi kwenye dizeli inaua vichocheo, hilo halina ubishi. Lakini nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Kwa hiyo wimbo huo ni wa zamani, tubadilishe kanda. Hatari iliyobaki ni ile ya dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo ilitupa hilo neno "kuchakachua" na kuwafanya EWURA waanze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Na mtu anayenunua dizeli ya vidumu kando ya barabara usiku asije akailaumu Ulaya.

Tena wadanganyifu si wa uvunguni Mwanza tu. Mwaka 2015 kampuni kubwa ya Volkswagen ilikamatwa Marekani kwa sababu ya programu iliyojua gari linapopimwa. Likiwa kwenye kipimo linajifanya mtakatifu, likirudi barabarani linatapika gesi. Iliwagharimu mabilioni ya dola. Kudanganya kompyuta ni rahisi, mshikaji. Kazi ni kuyadanganya mapafu.

Na mapafu ya nani? Hapo ndipo nilipomwangalia taniboi wa lile lori. Kijana mdogo kuliko mimi, anaitwa tu "oyaa". Usiku analala juu ya mzigo au chini ya tela. Likirudi nyuma yeye ndiye anayesimama huko nyuma akipiga kelele "njoo, njoo, njoo!" uso wake uko sawa na bomba la moshi. Likiwashwa alfajiri yeye yuko hapo hapo anapiga mswaki. Mwezi Juni mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Taniboi wetu havuti sigara, dini yake haimruhusu. Lakini anavutishwa bomba zima la lori, bure, kila siku. Na mama muuza mahindi wa stendi ya Bunda naye anavutishwa. Na wewe uliyening'inia kwenye daladala nyuma ya semi, ukiwa umepaka poda yako na shati lako jeupe, na wewe vile vile.

Kwa hiyo tajiri akikata chujio anasema ameokoa gharama. Hajaokoa kitu. Amemkabidhi taniboi ile bili, na taniboi hajui kama ameipokea.

Siku ile tajiri hakukata. Nisiwadanganye kwamba alishikwa na huruma. Yule fundi kijana alimwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, kutu hii ningeiona wiki mbili zilizopita kwa tochi tu. Ukikata leo, kesho injini ikianza kula oili au nozo zikivuja, nani atakuambia?" Tajiri akanyamaza. Maana ni kweli: chujio linalojaa masizi kila mara, mara nyingi si lenyewe linaloumwa. Ni nozo, ni turbo inayopitisha oili, ni chujio la hewa lililoziba. Sensa ni mjumbe. Ukimpiga risasi mjumbe, vita vinabaki pale pale.

Kuna kimeo kingine nilichokisikia, na vijana wa Mara kwa sababu ni watoto wa wakulima mtanielewa haraka. Mtu anasema, "Si ni urea? Nyumbani tuna mfuko wa urea ya mahindi!" Anaikoroga na maji ya ziwa kwenye ndoo, anajaza kwenye tangi. Jamani! Mbolea ina uchafu na kemikali ambazo mahindi hayajali lakini kichocheo kinakufa nazo, na maji ya ziwa yana madini yake. Kinachofuata ni mawe meupe kama chumvi, yanaziba pampu, yanaziba mdomo wa kupulizia, yanagandamana ndani ya bomba. Umeokoa hela ya maji, umenunua mfumo mzima. Nao wanaoyategemea hayo maji wanajua thamani yake. Mwaka 2021 China ilipobana kuuza urea nje, Korea Kusini ilibaki imeshika kichwa, malori yanakaribia kusimama nchi nzima, mpaka wakatuma ndege ya jeshi Australia kubeba lita 27,000. Ndege ya jeshi, kwa ajili ya maji ya lori!

Basi mwenye lori, dereva, taniboi, na wewe mchumba wa dereva unayemtaka arudi salama, hii ndiyo dawa, na haina gharama ya kukutoa jasho.

Kwanza, taa ikiwaka, isomwe. Usizime, usibandike, usiombee. Mtafute mwenye kompyuta ya kupimia, na akishakutajia sensa fulani usinunue mpya mbio mbio. Mwambie akague plagi na waya wake kwanza. Sensa nyingi zinatupwa zikiwa nzima kwa kosa la waya.

Pili, kila lori linapoingia gereji kubadilisha oili, mtu aingie uvunguni na tochi. Nyaya zimefungwa au zinaning'inia? Plagi zina unyevu? Vijibomba vya sensa ya mgandamizo vimepasuka au vimeziba? Kuna unga mweupe kwenye maungio ya bomba? Robo saa inatosha.

Tatu, wale wa kuosha magari kwa mashine ya presha wasielekeze maji kwenye plagi na sensa. Gari linang'aa, ndani linaoza.

Nne, fundi wa kuchomelea asiguse lori kabla nyaya za betri hazijatolewa. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye kompyuta na sensa, utajuta. Na nyundo zikae mbali na chujio. Ndani ni kauri, si chuma.

Tano, AdBlue inunuliwe imefungwa, na ikishafunguliwa isimiminwe kwa mpira au faneli iliyokuwa na dizeli. Matone machache tu yanatosha kuleta balaa.

Sita, lori linapoomba kuunguza masizi, liachiwe limalize. Madereva wengi hulikatisha kwa sababu wana haraka. Unalikatisha leo, kesho linakatisha safari yako.

Mjomba wangu siku hizi ana tabia mpya, na madereva pale Musoma wanamcheka. Kabla mzigo haujapandishwa, anapanda yeye kwanza kwenye kichwa cha lori, anamwambia dereva, "Mwanangu, washa swichi nione taa." Kwa kawaida taa zote huwaka halafu huzimika. Isiyowaka kabisa anaiulizia, maana huenda imeng'olewa. Isiyozimika anaiulizia vile vile. Akiona plasta anashuka bila kuaga. Wamempa jina la utani, "Trafiki wa Rukuba". Yeye anasema afadhali kuchekwa Musoma kuliko kulia Bunda. Hela ya mama alimlipa kidogo kidogo, ilimchukua mwaka na zaidi.

Na nyie vijana wenzangu mnaokaa kijiweni mkisema ajira hakuna, hebu mkae mfikirie. Malori ya namna hii yanaingia kila siku, barabara ya Sirari, Musoma, Bunda na Mwanza inayajua. Wanaojua kuyatoboa na kuyadanganya wamejaa tele. Wanaojua kuyasikiliza ni wa kutafuta kwa tochi. Yule fundi wa Mwanza alikuwa na kompyuta ndogo, tochi na brashi ya kusafishia plagi, basi, lakini foleni ya malori iliyokuwa inamngoja ilifika mpaka barabarani. Msome umeme wa magari, VETA ipo, msingoje kila siku kuitwa "oyaa".

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye mapenzi. Ila ukipanda lori kabla ya hapo, chungulia dashibodi. Ukiona plasta, muulize dereva kidonda kiko wapi.